Babu wa Sura ya Kumi na Moja

Chinongwe, Ruangwa
9 Juni 2024

Wifi yangu Mwantumu,

Huku tu wazima. Masanja amehamishia ng'ombe upande wa mtoni kwa sababu majani ya huku juu yameanza kukauka, na mama mkwe anakohoa lakini hataki kwenda zahanati. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu najua simu yako kaka Faridi anaishika muda wowote, na huku kwetu mtandao mpaka upande mlima. Gaudens, yule dereva wa gari la abiria la Ruangwa na Nachingwea, amekubali kutupelekea barua. Atakupa mkononi, sokoni.

Wifi, kitabu kimetoka. Ni riwaya, nimeichapisha mwenyewe. Jina la juu si langu, wameandika L. Jeremia. Huyo ni Lucia, rafiki yangu mwenye duka la steshenari Ruangwa mjini, ndiye aliyenichapia kwenye kompyuta. Amenipa jina lake na anwani ya duka lake. Nakala moja nimemtumia baba, na barua ya kuomba maoni yake nayo Lucia kaichapa, maana mwandiko wangu baba ndiye aliyenifundisha.

Unajua jinsi wanaojichapishia vitabu wanavyomtumia baba avitolee maoni, kutoka Masasi, Lindi, hadi Mtwara. Maoni yake watu hupeana kopi, na Lucia huyabandika ukutani dukani. Nimeyasoma yote pale, nimesimama kama mtu anayesubiri kutoa kopi. Tangu aliponifukuza, mwaka ule nilipoolewa na Masanja, hiyo ndiyo sauti ya baba niliyobaki nayo.

Nataka anisome kabla hajajua ni mimi. Nataka afike sura ya kumi na moja. Wewe ulikuwa bado hujaolewa pale nyumbani, kwa hiyo nikueleze. Masika ya mwaka juzi, Kabula wangu alipofariki kwa homa, Masanja alipanda mlima kwenye mvua akampigia kaka Faridi amwambie baba. Baada ya muda, Masanja angali mlimani, Faridi akapiga. Akasema: "Nimemwambia mzee. Kanyamaza." Basi. Hakuja mtu. Mimi nimeiandika hivyo hivyo, ila baba wa kitabuni ni mwenye duka wa kijiji cha Kiegei, na anapoambiwa kwamba mjukuu wake amefariki, ananyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio, maana kuna mpira.

Wewe unakaa naye nyumba moja. Niandikie anavyokisoma. Akicheka, akikitupa, niambie tu.

Wifi yako,
Sabaha

*

Nachingwea
24 Juni 2024

Wifi Sabaha,

Barua nimeipata na nimeichoma jikoni, usiwe na wasiwasi. Pole kwa yaliyokupata. Mimi humu ndani sikuwahi kusikia kwamba ulizaa, sembuse kwamba ulizika. Nimeolewa nyumba hii mwaka wa pili sasa, na kabla hujanitafuta jina lako nililisikia mara moja tu, shangazi yenu alipoteleza ulimi siku ya Idi. Watu wote wakaacha kula.

Baba anasoma. Anaanza asubuhi kabla jua halijapanda, na penseli yake. Siku za mwanzo alikuwa ananisomea vipande na kucheka, hasa pale bibi arusi anapopigwa teke na ng'ombe na mama mkwe anaanguka kwa kicheko. Alisema, "Huyu Jeremia amekaa na watu hawa, hakusimuliwa." Halafu akawa kimya. Juzi hakula chakula cha jioni. Nilipomuuliza akasema kitabu kimemuudhi.

Jana alimsomea Faridi ukurasa mmoja kwa sauti, ule wa redio. Akamuuliza, "Wewe unaamini hapa?" Faridi akainuka, akasema anakwenda kufunga mbuzi. Na mbuzi tulikuwa tumeshawafunga.

Baba ameanza kukuandikia. Yaani, kumwandikia Jeremia.

Wako,
Mwantumu

*

Nachingwea
2 Julai 2024

Bwana L. Jeremia,

Kitabu chako nimekipokea na kukisoma chote, pamoja na ukurasa wa sitini na tatu ambao mchapaji wako ameuweka mara mbili. Usione haya. Ninyi mnaojichapishia wenyewe hamna mhariri wa kuwashika mkono, na mimi makosa ya mtambo sikuhesabii.

Kwanza ujue nasomaje. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na sasa kazi yangu ni hii. Mwezi wa nne kijana mmoja wa bodaboda aliniletea riwaya ya upelelezi. Mpelelezi wake anapigwa risasi ya bega asubuhi, jioni anaparamia ukuta. Nilimwandikia: mlaze mtu wako japo siku moja na homa yake, kisha tutakuamini hata akiruka nyumba. Dada mmoja wa Lindi alileta ya mapenzi. Wapenzi wale wanalia kila sura, hata walipoachana kweli mimi sikuwa tena na chozi la kuwapa. Ipo ya kutisha, habari ya mashine ya kusaga inayosaga yenyewe bila mtu. Hiyo niliipenda, kwa sababu mwandishi hakueleza ni nani anayesaga, na mpaka leo mashine ya jirani ikiunguruma natega sikio. Na ipo ya miaka ijayo: korosho zinavunwa na mitambo, watu wamehamia angani. Nilimuuliza mwandishi, huko angani wanazika wapi watu wao? Hajanijibu.

Nimekutajia hizo ujue kwamba sina ugomvi na uongo wa hadithi. Ukinipa jini nitalikubali. Ninachodai ni moyo wa mtu ufanye kazi kama moyo wa mtu.

Sasa kitabu chako. Kiswahili chako kisafi, una sikio. Pale mama mkwe anapomfundisha bibi arusi kukamua, na hawaelewani lugha, wanaelekezana kwa mikono na kucheka, nimepasoma mara mbili. Sisi wakulima wa huku tumewajua wafugaji kwa mashamba yetu ya ufuta yaliyoliwa. Sikujua kwamba jioni nyumbani kwao wana utani wa namna ile. Hilo umenifundisha, na nakushukuru.

Baba anapomfukuza binti, sura ya nne, umepatia. Nilidhani kwanza labda umesikia habari zangu mahali, maana jambo kama hilo limenipata. Halafu nikakumbuka kuwa limewapata wengi tangu ng'ombe waje huku. Maneno ya yule mwenye duka ni makali lakini ni maneno ya baba. Anajiona ameibiwa.

Lakini sura ya kumi na moja, Bwana Jeremia, hapana. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Mtu anaambiwa mjukuu wake amefariki, anaongeza sauti ya redio? Siamini, na nitakwambia kwa nini. Kwetu hata adui anazikwa. Mtu uliyegombana naye mpaka wa shamba miaka ishirini, akifa unachukua jembe unakwenda kuchimba. Mimi binti yangu sijamwona mwaka wa tano huu, na mkwe yule simtaki hata leo. Lakini ningeambiwa kwamba huko kwao kuna maiti ya mtoto, ningekwenda hata kwa miguu. Ningekaa nje ya boma lao bila kusalimia mtu, lakini ningekwenda. Nisingekuwa na uwezo wa kutokwenda.

Kwa hiyo, ama umemwonea mzee huyo kwa sababu unamchukia, ama kuna jambo hukutuambia. Ukichapisha tena, itazame sura hiyo. Kitabu kilichobaki ni kizuri kuliko vyote nilivyosoma mwaka huu, ndiyo maana nimekasirika.

Nakutakia kalamu yenye subira,
Isihaka Swalehe
Mwalimu mstaafu

*

Chinongwe
10 Julai 2024

Mwantumu,

Lucia alinisomea barua ya baba dukani, wateja wakiwepo, akidhani ni habari njema. Nilimwambia asome tena pale mwisho. Akasoma. Nikakaa chini, kwenye sakafu.

"Ningekwenda hata kwa miguu." Anamwandikia mtu asiyemjua, hana sababu ya kujipamba. Na baba hajui kudanganya, wewe umeishi naye. Akikosa, hukosa waziwazi.

Basi kama hadanganyi, mwongo ni nani?

Miaka miwili, wifi. Miaka miwili nimelala na ile redio masikioni, redio ambayo mimi mwenyewe niliiwasha. Masanja ameniambia nisiharakishe, kwamba mtu huweza kuambiwa jambo na kulisahau. Mtu anasahauje hilo?

Usimuulize mumeo. Atakugeuzia ubaya, na wewe una mimba. Nitamwandikia baba mwenyewe, kwa mkono wangu.

Sabaha

*

Chinongwe
15 Julai 2024

Baba,

Shikamoo.

L. Jeremia ni mimi. Mwandiko huu unaujua.

Sikukutega. Nilitaka unisome bila hasira, nikajua kwa jina langu usingefungua hata jalada.

Uliuliza kama kuna jambo sikulisema kitabuni. Lipo. Sura ya kumi na moja sikuitunga yote. Nilizaa mtoto wa kike, Kabula. Alifariki masika ya mwaka juzi, hajatimiza miaka miwili. Mume wangu alimpigia kaka Faridi ili upate habari, na jibu lililonifikia ni kwamba umeambiwa, ukanyamaza. Redio niliiongeza mimi, kwa sababu sikujua ukimya wako ulikuwa na sura gani.

Nakuomba jambo moja tu, na uliandike kama unavyowaandikia waandishi wote, bila kunihurumia. Uliambiwa, au hukuambiwa?

Binti yako,
Sabaha

*

Nachingwea
20 Septemba 2024

Wifi Sabaha,

Najua umesubiri mpaka umekata tamaa. Usidhani barua yako ilipotea. Gaudens alimpa baba mkononi, na mimi nilikuwepo. Aliisoma amesimama. Akaikunja, akaitia mfuko wa kanzu, akaniomba maji.

Tangu siku ile hajaandika maoni ya mtu yeyote. Vitabu vinakuja, vinarundikana mezani na bahasha zake. Yule dada wa Lindi alituma kingine, hakukifungua. Nilidhani amekukasirikia, ndiyo sababu nilishindwa kukuandikia.

Halafu akaanza kuniuliza mambo. Siku moja nachambua mchele, akaja akakaa karibu. "Mwantumu, mimi huwa nasahau?" Nikasema, "Hapana, baba." "Ulishawahi kunipa habari leo, kesho nikakuuliza tena?" Nikasema hata siku moja. Akaitikia kwa kichwa. Baada ya wiki akaniuliza tena vilevile, nikaogopa kwamba kweli ameanza kusahau. Shangazi yenu ndiye aliyenifungua macho. Kumbe alikuwa amewazungukia wazee wenzake msikitini, mmoja mmoja, akiwauliza kama masika ya mwaka juzi aliwahi kuwaambia kuhusu msiba. Wifi, alikuwa anajishuku mwenyewe. Alidhani labda kweli aliambiwa, na kwamba moyo wake ulikuwa mgumu kiasi cha kulisahau jambo lile.

Ijumaa iliyopita tulikuwa uani, sote watatu, tunatenganisha korosho na mabibo. Baba akasema, bila kuinua macho:

"Faridi. Masika ya mwaka juzi, Masanja alikupigia simu?"

Nikaona mikono ya Faridi imesimama.

"Alinipigia," akasema.

"Akakwambia nini?"

"Kwamba mtoto wa Sabaha amefariki."

"Uliniambia?"

Faridi akasema, "Ulisema jina lake lisitajwe humu ndani. Ulisema atakayelitaja amfuate huko huko."

"Nilisema."

"Nilikuja mlangoni kwako mara mbili. Ulikuwa unasoma. Mara ya pili uliniuliza nataka nini, nikasema natafuta koleo."

"Kwa hiyo ukamwambia dada yako kwamba nimenyamaza."

Na hapo Faridi akaanza kulia, mtu mzima yule, akasema, "Nilidhani ungenyamaza, baba. Wallahi nilidhani ungenyamaza."

Nilitegemea fimbo. Nilishajisogeza katikati yao. Baba alibaki ameshika korosho moja, anaigeuza. Kisha akavaa kofia yake akaenda msikitini, na haikuwa saa ya swala.

Faridi hajala vizuri tangu siku hiyo. Ameniomba nikwambie, lakini maneno aliyonipa nimeshindwa kuyaandika. Mpe muda, atayaandika mwenyewe.

Wako,
Mwantumu

*

Nachingwea
28 Septemba 2024

Mwanangu Sabaha,

Marahaba.

Uliniuliza nikujibu kama ninavyowajibu waandishi. Sikuambiwa.

Ningependa barua iishie hapo, lakini haitakuwa haki. Niliandika kwamba babu yule haaminiki. Mwanangu wa kiume, aliyelelewa na mimi na kula na mimi kila siku, alimwamini. Hakuhitaji kukisoma kitabu chako ili amwamini. Kwa hiyo maoni yangu juu ya sura ile nimeyafuta, na nimemwomba Lucia, ambaye Mwantumu amenieleza habari zake, ayabandue ukutani kama alikuwa ameyabandika. Sura iache ilivyo.

Juu ya Faridi sitasema kitu kwako. Alifanya kosa lake, lakini aliyefanya mtu wa nyumba hii aogope kubisha hodi na msiba mkononi ni mimi.

Nataka kuja. Sikuombi ruhusa wewe, namwomba mume wako, maana boma ni lake. Siku aliponijia na wazee wake kukuposa nilimwita mwizi mbele yao, na alikuwa amevua viatu mlangoni kwangu. Akisema nisije, atakuwa na haki, nami sitauliza mara ya pili.

Baba yako,
Isihaka

*

Chinongwe
6 Oktoba 2024

Baba mkwe, shikamoo.

Ni mimi Masanja. Kuandika si kazi yangu, utanivumilia. Mke wangu amesema aniandikie, nikasema hapana, hii niandike mimi.

Siku ile tulichimba na ndugu zangu na majirani Wamwera wa hapa. Tulikuwa na mvua. Nilisema tungoje kidogo, mzee anatoka Nachingwea, barabara mbaya. Tulingoja mpaka alasiri. Halafu wazee wakasema inatosha.

Karibu. Gaudens atakushusha kwenye njia panda, mimi nitakuwa hapo na pikipiki. Kama pikipiki huiwezi tutatembea.

Masanja

*

Chinongwe
3 Novemba 2024

Wifi yangu Mwantumu,

Hongera sana kwa mtoto. Gaudens ametuambia ni wa kiume na kwamba mko salama wote. Mama mkwe ametuma maziwa ya mgando, yamo kwenye kibuyu. Kibuyu ukirudishe, ni kile anachokipenda.

Baba amekaa kwetu siku mbili na amerudi leo. Atakusimulia kwa maneno yake, ambayo yatakuwa machache, kwa hiyo nakusimulia mimi.

Pikipiki aliikataa. Walitembea yeye na Masanja kutoka njia panda, na kwa mbali niliwaona kila mtu yuko upande wake wa njia, hawaongei. Walipofika Masanja akanipita, akaniambia pembeni, "Ameniambia neno moja tu njia nzima. Ameniambia, mwanangu." Akaenda kutazama ndama ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Mimi na baba hatukukumbatiana wala nini. Nilipiga goti nikamwamkia, akaniwekea mkono kichwani na hakuuondoa. Amezeeka, wifi. Hukuniambia kwamba amezeeka hivyo.

Masanja alikuwa amemwita Mzee Chilumba wa kijijini, ambaye ni Mwislamu, aje achinje mbuzi, ili baba ale bila wasiwasi. Baba aliposikia ni nani aliyechinja, alimtazama Masanja kwa muda. Akala. Mama mkwe akawa anamwongezea nyama na kumsemesha Kisukuma, na baba anamjibu Kimwera, na kila mmoja anaitikia kama ameelewa. Shemeji zangu wakacheka mpaka wakatoka nje. Baba naye akatabasamu kidogo, akaniambia, "Hapa ulipaandika sawa."

Kwa Faridi, mwambie barua yake nimeipata. Nimeisoma. Kujibu bado siwezi, lakini sijaichana.

Jana asubuhi baba akasema twende. Nikampeleka. Kaburi liko nyuma ya boma, tumelizungushia miiba ng'ombe wasikanyage. Alisoma dua, alisoma kwa muda mrefu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani, kila neno kamili. Alipomaliza akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Nikakaa pembeni yake.

Akaanza kuniuliza habari za Kabula, kama mtu anayeuliza juu ya mgonjwa aliyeko ndani. Alikuwa mweusi kama mimi au kama Masanja? Alitembea mapema? Alipenda kula nini? Nikamwambia yote. Nilimwambia jinsi alivyokuwa akimshika ndama mkia na kuburutwa, akifurahi. Baba alisikiliza, ameinama.

Mwisho akauliza, "Alikuwa ameanza kusema?"

"Ndiyo, baba."

"Alisema nini?"

Nikarudisha tawi moja la miiba mahali pake. Nikasema, "Alisema maji. Na mama."

"Maji," baba akasema. "Na mama." Akaitikia kwa kichwa, akajishika magoti, nikamsaidia kuinuka.

Wifi, hayo aliyasema kweli. Lakini neno alilolisema kuliko yote lilikuwa babu. Sijui nani alimfundisha. Kila mzee aliyepita njiani mwenye ndevu nyeupe, awe Mmwera au Msukuma, alimkimbilia mikono juu, babu, babu, na wao walisimama wakamnyanyua, na yeye aliwatazama nyuso kama anayehakikisha.

Hilo sikumwambia. Na wewe usimwambie.

Wifi yako,
Sabaha